Tujue Mahali Tunapoishi: Somo juu ya Ardhi na Watu wa Minova



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana la shule, lakini ndani yake mna chanzo cha magomvi mengi. Jambo hilo ni jiografia ya mahali na hesabu ya watu wake. Mara nyingi tunapokaa na wenyeji na wakimbizi wa ndani, tunasikia maneno yale yale: "Hawa wamekuwa wengi kuliko sisi." "Shamba hili ni la babu yetu." "Kwa nini majina yao yameandikwa na yetu hayakuandikwa?" Maneno haya yote ni maswali ya jiografia na ya hesabu. Tukiyajibu kwa uvumi, watu hupigana. Tukiyajibu kwa kujua, watu huweza kukaa barazani.

Tumechagua Minova kama mfano. Wengi wenu mmepita pale, mmelala pale, au mmezaliwa pale. Msomaji wa Kavumu, Nyangezi, Kamanyola au Bunyakiri ataweza kulinganisha na kwake.

Kusudi la somo

Mwishoni mwa somo hili, kikundi chenu kiweze:
- kueleza Minova iko wapi na kwa nini watu hukimbilia pale;
- kueleza kwa nini hesabu za watu hazipatani, hata kama hakuna aliyedanganya;
- kuchora ramani na kuhesabu pamoja, wenyeji na wakimbizi, bila kuumizana.

1. Minova iko wapi?

Minova ni senta ndogo kando ya Ziwa Kivu, upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa. Iko katika jimbo la Kivu Kusini, teritware ya Kalehe, usultani (sheferi) wa Buhavu, grupema ya Buzi. Ni mahali pa mpaka: ukitoka kidogo kuelekea kaskazini unaingia Bweremana, nawe umeshafika Kivu Kaskazini, teritware ya Masisi. Kwa hiyo Minova inaongozwa kutoka Bukavu, ambayo iko mbali kama kilomita 150, lakini soko lake, wagonjwa wake na jamaa zake hutazama zaidi Goma, iliyo kama kilomita 50 tu kwa barabara ya Sake.

Tukumbuke kwamba zamani mpaka huu wa majimbo haukuwako. Kivu ilikuwa jimbo moja mpaka mwaka 1988, ilipogawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Jamaa zilizooana kati ya Buzi na Masisi zilijikuta katika majimbo mawili. Mtu anayetoka Masisi na kufika Minova ametembea saa chache tu, lakini katika karatasi amebadilisha jimbo.

2. Ziwa, mlima na barabara

Tazameni Minova kama mtu aliyesimama katikati ya ukuta na maji. Mashariki ni Ziwa Kivu. Ziwa hili liko juu sana, karibu metre 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kilindi chake kinapita metre 470. Chini kabisa hakuna hewa ya kutosha kwa samaki, mna gesi nyingi. Ndiyo maana samaki hupatikana katika maji ya juu tu. Sambaza tunaowala leo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959.

Magharibi ni milima ya Mitumba, inayopanda kwenda Kalungu na Numbi. Huko juu mna malisho ya ng'ombe, mashamba ya maharagi na viazi, na machimbo ya madini. Huku chini kando ya ziwa mna migomba, mihogo na kahawa. Mvua hunyesha kuanzia Septemba mpaka Mei, na kiangazi ni Juni mpaka Agosti. Ardhi ni nzuri, lakini sehemu iliyo tambarare ni nyembamba. Watu, soko, barabara, makanisa, shule na hospitali, vyote vinagombania ukanda huo mdogo.

Barabara nayo ni moja: ile ya taifa namba 2, inayotoka Bukavu kupitia Kavumu, Kalehe, Nyabibwe, Minova na Sake mpaka Goma. Barabara ikifungwa, njia inayobaki ni maji. Tuliona jambo hili mwaka 2024. Mwezi wa Februari vita vilifika Shasha, na njia ya Minova kwenda Sake ikakatika. Watu na vyakula wakapakiwa katika mashua. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, na pwani ilikuwa imekwisha kuonekana.

Mlima nao una hatari yake. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa iliteremsha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika teritware hii hii ya Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, na watu wengi walikuwa wametoka vijiji vingine. Basi hata kuhesabu wafu kulikuwa kugumu, kwa sababu waliokuwa pale siku ile si wale tu wanaoishi pale. Viongozi, jambo hili ni la kukumbuka: idadi ya watu wa mahali hubadilika kwa siku, kwa msimu na kwa vita.

3. Watu wa Minova walitoka wapi?

Swali hili huuma. Tulijibu polepole, hatua kwa hatua.

Wahavu wamekaa kando ya ziwa tangu zamani, wakilima na kuvua. Watembo wako zaidi upande wa msitu na milima ya magharibi. Wambuti, wanaoitwa pia Batwa, waliishi katika msitu. Mwaka 1970 Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka kilomita za mraba 6,000 hivi. Batwa walifukuzwa msituni, na wengi mpaka leo hawana ardhi.

Wakati wa Wabelgiji, kati ya mwaka 1937 na 1955, serikali ya kikoloni ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kuzikalisha Kivu, hasa Masisi, na wengine walifanya kazi katika mashamba makubwa ya wakoloni. Hivyo katika milima ya Kalehe mna Wahutu na Watutsi ambao babu zao walifika kabla ya uhuru wa 1960. Washi nao walikuja kutoka Kabare na Walungu kutafuta kazi na biashara.

Halafu zikaja nyakati za kukimbia. Mwaka 1993 vita vya kikabila vya Walikale na Masisi vilitawanya watu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu na kuingia Goma na Bukavu. Kuanzia 1996 vita vya Kongo vilipita njia hii hii. Mwaka 2007 na 2008 watu wa Masisi walishuka tena. Mwezi wa Novemba 2012, baada ya Goma kuanguka, askari wa serikali waliorudi nyuma mpaka Minova walinajisi wanawake na kupora. Kesi yake ilihukumiwa Goma Mei 2014, lakini ni wachache sana waliopatikana na hatia ya kunajisi. Mwezi wa Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na watu wa Goma wakakimbilia Sake na Minova. Mwaka 2024 watu wa Masisi walijaa tena Minova, na tarehe 21 Januari 2025 Minova yenyewe ikachukuliwa na M23, kabla ya Goma mwishoni mwa mwezi ule na Bukavu katikati ya Februari. Waliokuwa wamewapokea wageni wakawa wao wageni.

Tunajifunza nini? Kwamba katika Minova si rahisi kugawa watu katika sanduku mbili, "mwenyeji" na "mkimbizi". Mama aliyempokea mgeni mwaka 2008 huenda alilala katika darasa la shule mwaka 2012, na mwaka 2025 akavuka ziwa na watoto wake. Mwenyeji wa leo ni mkimbizi wa jana.

4. Kwa nini hesabu hazipatani?

Hesabu kamili ya mwisho ya watu wote wa nchi yetu ilifanywa Julai 1984, wakati wa Zaire, na ilipata watu kama milioni 30. Tangu hapo hakuna nyingine. Mtoto aliyezaliwa siku ile leo anaweza kuwa babu, naye hajahesabiwa bado. Idadi zote tunazosikia tangu wakati ule ni makadirio.

Kila ofisi huhesabu kwa kazi yake. Chifu huhesabu nyumba zinazojulikana kwake. Eneo la afya huhesabu watoto wa kuchanja, na mipaka yake si lazima ifuatane na mipaka ya grupema. Tume ya uchaguzi huandika watu wazima tu. Shirika la msaada huandika jamaa zilizo kambini. Tuchukue mfano wa kijiji cha kubuni ili tuelewe.

Tuseme kijiji kina nyumba 200 za wenyeji, na kila nyumba ina watu 6. Jumla ni watu 1,200. Wanafika jamaa 90 za wakimbizi, kila moja watu 5. Jumla ni 450. Jamaa 50 zimepokelewa katika nyumba za wenyeji, na jamaa 40 zimelala katika shule.
- Chifu anasema: watu ni 1,200.
- Muuguzi anayehesabu kila anayelala kijijini anasema: watu ni 1,650.
- Afisa wa msaada aliyepita shuleni anasema: wakimbizi ni jamaa 40.
- Komite ya wakimbizi inasema: sisi ni jamaa 90.

Je, nani amedanganya? Hakuna hata mmoja. Lakini msaada ukija kwa jamaa 40, jamaa 50 zitakosa, na wenyeji waliogawana nao chakula watasema wageni wamewaletea njaa. Sasa tuhesabu maji. Kipimo cha chini kinachofuatwa na mashirika mengi ni litre 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa watu 1,200 ni litre 18,000. Kwa watu 1,650 ni litre 24,750. Tofauti ni litre 6,750, yaani zaidi ya bidoni 330 za litre 20, kila siku. Ugomvi wa akina mama kwenye bomba mara nyingi huitwa ugomvi wa kabila. Kumbe ni ugomvi wa bidoni 330 ambazo hakuna aliyezihesabu.

5. Hesabu ni nguvu

Tusijidanganye: wapo pia wanaotaka hesabu isiwe ya kweli. Sababu ni hizi.

Kwanza, siasa. Viti vya bunge hugawanywa kwa kufuata idadi ya walioandikwa katika kila teritware. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 haukufanyika Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita. Watu wasioandikwa ni kama hawako.

Pili, mamlaka. Kwa sheria ya mwaka 2008 juu ya utawala wa maeneo, senta yenye watu 20,000 au zaidi inaweza kupewa kwa dekreti hali ya komini. Komini ina viongozi wake na kodi zake za soko. Usultani ambao senta hiyo imo unaweza kupoteza mapato. Kwa hiyo mmoja atapenda idadi iwe kubwa, mwingine atapenda iwe ndogo.

Tatu, ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali. Lakini vijijini watu bado hupata shamba kwa desturi: kalinzi, inayomfanya mtu akae na kurithisha akiisha kutoa haki ya chifu, au kukodi kwa msimu, ambako Bushi huita bwasa. Hakuna karatasi, kuna mashahidi tu. Mtu akikimbia miaka mitatu, mashahidi wakifa, arudipo anakuta migomba ya mtu mwingine. Hapo ndipo maneno "wewe si wa hapa" huanza.

Yako pia mambo yanayounganisha. Kahawa ni mfano. Zamani wakulima wa Minova walivusha kahawa usiku kwa mtumbwi kwenda kuiuza Rwanda, na wengi walizama. Mwaka 2003 kooperative ya SOPACDI ilianzishwa Minova, ikaunganisha wakulima wa makabila mbalimbali wauze pamoja. Mizani haiulizi kabila. Inauliza kilo.

6. Kazi ya kufanya: ramani na hesabu yetu

Kazi hii inaweza kufanywa kwa siku mbili. Haihitaji pesa, inahitaji watu wote wawepo.

Hatua ya kwanza: alikeni barza. Wawepo chifu au nyumbakumi, wazee wa kila kabila, wanawake wenyeji na wanawake wakimbizi, vijana, muuguzi, mwalimu. Kama kundi moja halipo, ngojeni.

Hatua ya pili: choreni ramani chini kwa kijiti, kwa mawe na majani. Anzeni na yasiyo na ugomvi: ziwa, mto, barabara, soko, chemchemi, shule. Halafu onyesheni hatari: mto unaofurika, mteremko unaoporomoka, bandari ya mashua. Ulizeni pia: tukilazimika kukimbia usiku, tutapita wapi na wazee wetu watabebwa na nani? Mipaka ya mashamba yenye kesi msiichore siku hii. Hiyo ina siku yake na wapatanishi wake.

Hatua ya tatu: hesabuni kila anayelala kijijini, nyumba kwa nyumba, watu wawili wawili: mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja. Andikeni wanaume, wanawake, watoto, wazee, walemavu. Andikeni nyumba iliyopokea wageni na idadi ya wageni.

Hatua ya nne: msiandike kabila. Na orodha ya majina isizunguke ovyo. Tumeona katika nchi hii jinsi orodha inavyoweza kuwa silaha. Kinachosomwa hadharani ni jumla tu. Kama hali ya usalama hairuhusu majina, hesabuni bila majina. Idadi peke yake yatosha kwa maji, vyoo na madarasa.

Hatua ya tano: someni jumla mbele ya wote, mkubaliane, na kila upande ubaki na nakala. Afisa yeyote akifika, awe wa serikali au wa shirika, mnampa hesabu moja. Katika hesabu hiyo waonekane wote wawili: aliyekimbia na aliyempokea.

Viongozi wajue kwamba kuandika wakimbizi wa ndani si upendeleo. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009, unataka serikali iwe na daftari la wakimbizi wa ndani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 zinasema aliyekimbia ana haki ya kupata tena karatasi zake alizopoteza, na mali aliyoiacha ilindwe isichukuliwe. Mkimbizi wa ndani hajapoteza uraia wake. Amepoteza nyumba tu.

7. Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mahali petu pana njia ngapi za kuingia na kutoka? Njia moja ikifungwa, chakula kitapita wapi?
2. Jamaa yako ilifika hapa mwaka gani, na ilipokelewa na nani? Mzee mmoja wa kila upande aeleze, wengine wasikilize bila kukatiza.
3. Ni hesabu ngapi za watu wa kijiji chetu tunazozijua? Kila moja ilifanywa na nani, na kwa kazi gani?
4. Kwenye bomba au chemchemi yetu, bidoni ngapi zinakosekana kila siku? Tunaweza kupanga zamu gani kabla ya kungoja msaada?
5. Kuna shamba ambalo mwenyewe amekimbia? Nani analitunza, na mashahidi wawili ni akina nani? Waandikwe wangali hai.
6. Salongo ijayo tufanye nini pamoja, wenyeji na wakimbizi: mtaro, choo au njia?

Ndugu, vikundi vinavyofanya zoezi hili vitueleze katika mikutano yetu ya kawaida yaliyowezekana na yaliyoshindikana, ili vijiji vingine vijifunze. Haba na haba hujaza kibaba. Amani iwe nanyi.